Kihisi kiko mita 60 tu, mbona skrini inapoteza taarifa usiku na wakati wa mvua?

*"Shikamoo mtaalamu. Ninalima parachichi nje kidogo ya mji wa Njombe. Mwaka jana mdogo wangu anayeishi Marekani aliniletea kituo kidogo cha hali ya hewa cha nyumbani: kihisi cha nje chenye kipima upepo na kipimamvua, pamoja na skrini ya ndani. Kihisi nimekifunga juu ya bomba shambani, kama mita 60 kutoka nyumbani. Katikati kuna migomba na simtanki. Skrini iko sebuleni kando ya televisheni. Boksi limeandikwa mita 100, lakini taarifa zinakatika. Kuanzia usiku wa manane mpaka jua lichomoze naona vistari tu, na mvua ikinyesha ni hivyo hivyo. Pia kuna alama ya mnara pembeni ya saa, inawaka na kuzimika siku zote. Fundi simu ameniambia niunge waya mrefu kwenye antena. Jirani anasema ninunue kifaa cha kuongeza nguvu ya Wi-Fi. Wengine wanaulaumu mnara wa simu uliojengwa mlimani. Mimi nakitegemea kujua upepo kabla ya kupiga dawa, na mvua iliyonyesha usiku. Nifanye nini kabla sijatupa hela?"*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa usumbufu. Umefanya vizuri kuuliza mapema, maana kifaa cha Wi-Fi hakitakusaidia kwa hili, na waya mrefu unaweza kukuongezea tatizo. Habari ya mnara nitairudia, kwa sababu kuna neno moja katika barua yako, Marekani, ambalo lina uzito kuliko unavyodhani.

Nianze na mvua, kwa kuwa ndiyo unayoitegemea. Mvua ya usiku kwa kawaida haijapotea. Ndani ya kipimamvua kuna kijibakuli kinachopinduka kila kinapojaa, na kihisi huhesabu mipinduko hiyo chenyewe, huko huko shambani. Vituo vingi vya aina yako, kila vinapotuma taarifa, hutuma jumla iliyofikiwa. Skrini ikikaa gizani kwa muda wa saa tano kisha ikapata taarifa moja alfajiri, jumla ya mvua huja nayo. Unachokosa ni kujua ilinyesha saa ngapi na kwa nguvu gani. Upepo ni habari nyingine: dhoruba ya saa tisa usiku ambayo skrini haikuipokea hairudi tena, na kiwango cha chini cha joto cha alfajiri vivyo hivyo. Na mvua yenyewe ina sharti moja. Umeme wa kihisi ukikatika kabisa, au ukitoa betri, kihesabu huanza upya. Kwa hiyo weka kipimamvua cha kawaida cha plastiki karibu na hicho, usome vyote viwili kila asubuhi. Vikipishana sana baada ya usiku wa vistari, ujue kihisi kinazimika chenyewe, na shida si mawimbi kushindwa kufika.

Ile alama ya mnara pembeni ya saa, iache. Vituo vingi vinavyouzwa Marekani vina saa inayojirekebisha kwa kusikiliza redio ya serikali iliyoko jimbo la Colorado, inayorusha kwa kilohezi 60. Njombe haitaisikia. Ingia kwenye mipangilio, zima urekebishaji wa saa kwa redio, weka saa kwa mkono. Alama ya kihisi cha nje ni nyingine, mara nyingi iko karibu na namba za joto la nje au upepo. Watu wengi huhangaika miezi na alama isiyohusika.

Kuhusu Wi-Fi, elewa kwamba kituo chako kina safari mbili tofauti. Ya kwanza ni kutoka kihisi cha shambani hadi skrini, na hiyo hupita kwenye masafa yake yenyewe, ya megahezi mia kadhaa. Ya pili, kama skrini yako ina uwezo huo, ni kutoka skrini hadi ruta, kisha intaneti, na hapo ndipo Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inapofanya kazi. Vistari vyako viko kwenye safari ya kwanza. Ukiongeza nguvu ya Wi-Fi, skrini itapeleka vistari hivyo hivyo kwenye simu yako, kwa haraka zaidi.

Na zile mita 100 za kwenye boksi hupimwa uwanja ukiwa wazi, kihisi na kipokezi vikionana, pasipo ukuta wala jani kati yao. Nyumba yenye watu haifanani na uwanja huo. Mita 60 zenye migomba, tanki na ukuta wa tofali ni safari ngumu, ingawa mara nyingi inawezekana.

Sasa tuingie kwenye tatizo lenyewe. Kabla hujasogeza chochote, soma saa. Mtu anayepoteza taarifa mchana na usiku bila mpangilio, nitamwambia aangalie umbali na vizuizi. Anayepoteza kuanzia jioni taa zinapowashwa, nitamuuliza taa za LED na inveta ya sola, maana zile za bei ya chini hutoa kelele nyingi za redio. Wewe unapoteza kuanzia usiku wa manane hadi jua linapochomoza, na taa zako nadhani zimezimwa muda huo. Hicho ndicho kipindi cha baridi kali kuliko vyote, na Njombe mwezi Juni na Julai haichezi. Mimi nashuku umeme wa kihisi.

Kihisi hulala karibu muda wote na kutumia umeme kidogo mno. Kila baada ya sekunde kadhaa, kwa aina nyingi 16 hivi, huamka na kurusha taarifa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na katika kitambo hicho huvuta umeme kwa mkupuo. Baridi huchelewesha kemia iliyo ndani ya betri, ukinzani wake wa ndani hupanda, na volti hushuka pale pale inapohitajika. Mchana jua linapopasha moto kile kiboksi, betri ile ile hufufuka. Ndiyo maana ukiipima saa saba mchana utaona ni nzima. Chukua mita ya fundi umeme uipime alfajiri, ikiwa bado ya baridi. Betri mpya ya alkali husoma volti 1.5 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 1.3, itoe.

Tazama pia aina. Betri za kaboni, zile za bei nafuu tunazoweka kwenye saa za ukutani, hazifai kwa kazi hii. Za kuchaji husoma volti 1.2 kila moja, na baadhi ya vihisi huona hizo ni dhaifu tangu siku ya kwanza. Alkali nzuri inatosha kwa watu wengi. Kwa baridi yenu, za lithiamu za volti 1.5 ndizo bora, ghali lakini hustahimili baridi kuliko zote na hazivuji kirahisi. Tahadhari moja dukani: kuna betri za lithiamu za kuchaji zenye umbo lile lile la AA lakini zina volti 3.7. Ukizitia humo utaunguza kihisi. Soma namba kwenye ganda la betri kabla hujalipa.

Kama kihisi chako kina kipande cha sola juu, hicho huchaji hazina ndogo ya umeme mchana, na usiku hazina hiyo hubeba kazi ikisaidiwa na betri. Vumbi la barabarani na kinyesi cha ndege hupunguza chaji, hazina huisha saa sita au saba usiku, na betri ya akiba ikiwa imekufa kifaa hunyamaza mpaka jua litoke. Hilo nalo linafanana kabisa na ulivyoeleza. Kipanguse kwa kitambaa laini chenye maji, kisha fungua mlango wa betri uangalie vile vispringi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, sugua kwa kitambaa chenye siki kidogo, kausha vizuri, ndipo uweke betri mpya. Fanya hivyo siku isiyo na mvua, kwa sababu ya kile kihesabu. Ukimaliza, skrini nyingi zinahitaji kuambiwa zitafute kihisi upya, maana zikikikosa kwa muda mrefu huacha kusikiliza kila wakati ili kutunza umeme. Njia imeandikwa kwenye kijitabu, na mara nyingi ni kubonyeza kitufe kimoja kwa sekunde chache.

Wakati wa mvua mambo ni tofauti. Watu husema mvua inazuia mawimbi. Kwa masafa haya, matone yanayoanguka hayana madhara ya kuonekana. Kinachoumiza ni vitu vilivyolowa. Jani la mgomba ni maji tupu hata wakati wa kiangazi, na likilowa juu na chini linameza mawimbi zaidi. Ukuta wa tofali la kuchoma uliokunywa maji nao hupitisha kidogo kuliko mkavu. Safari yako, nadhani, iko ukingoni: siku kavu inapita kwa shida, na siku ya mvua haipiti.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mawimbi hayasafiri kama uzi mwembamba kutoka antena hadi antena. Njia yao hunenepa katikati. Kwa mita 60 zako, katikati ya safari unene huo unafika zaidi ya mita 2 kila upande wa mstari ulionyooka, na kwa masafa ya megahezi 433 unapita mita 3. Kwa hiyo hata ukisimama dirishani ukakiona kihisi kwa macho, migomba iliyo kando ya mstari bado inakula sehemu ya mawimbi. Kuinua kihisi mita moja na nusu, au kukata migomba miwili iliyo katikati, kunaweza kuleta badiliko kubwa kuliko kifaa chochote cha dukani. Simtanki lililojaa maji nalo ni kizuizi, ila hilo ni rahisi kulikwepa kwa kubadilisha dirisha.

Na dirisha ndilo ninalotaka uliangalie kwa karibu. Bati hurudisha mawimbi karibu yote yalikotoka, kwa hiyo juu kumefungwa. Yanabaki madirisha. Sasa nenda kwenye dirisha la sebule linalotazama shamba, uguse wavu wa mbu. Kama ni wa plastiki au nailoni, hauna shida. Kama ni wa waya, wa chuma au alumini, dirisha hilo kwa mawimbi ya kihisi ni ukuta wa chuma, hata kama mwanga na upepo vinapita. Matundu yake ni madogo mno ukilinganisha na urefu wa wimbi, ambao ni kati ya sentimita 33 na 69 kutegemea aina ya kituo. Nondo za dirisha nazo zina mchango wake. Zikisimama wima na kukaribiana, huzuia hasa mawimbi ya antena iliyosimama wima, na antena za vituo hivi nyingi husimama wima. Nyumba yenye bati juu, nondo na wavu wa waya kila dirisha ni debe lililofunikwa, na skrini yako iko ndani yake, tena kando ya televisheni inayotoa kelele zake.

Fanya jaribio hili kwa siku mbili. Usiku wa kwanza, leta kihisi barazani, mita 3 hivi kutoka kwenye skrini. Usivikaribishe chini ya mita moja na nusu, kwani mawimbi yakiwa makali mno baadhi ya vipokezi huchanganyikiwa. Taarifa zikikatika alfajiri hata hapo, huna tatizo la umbali, una tatizo la umeme au kifaa kibovu. Zikifika usiku kucha, kihisi ni kizima na kosa liko njiani. Siku ya pili, rudisha kihisi mahali pake. Kama skrini yako inakubali betri, ibebe mkononi uende nayo dirisha hadi dirisha, chumba hadi chumba. Kila mahali subiri dakika tatu au nne, usikimbie. Kihisi hakirushi mfululizo, na ukisubiri sekunde kumi tu utajidanganya.

Ukipata mahali panapokaribia kufaa, usikate tamaa upesi. Mawimbi yanayogonga kuta na bati hurudi na kukutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, mahali pengine yanasaidiana na mahali pengine yanauana. Kusogeza skrini kiganja kimoja au viwili kushoto kunaweza kukutoa kwenye shimo hadi kwenye mapokezi mazuri. Iweke mbali na televisheni, friji, ruta na chaja za simu, angalau mita moja, ikiwezekana mbili. Kama adapta yake ndiyo mchawi, utaiona: ichomoe, tumia betri, uone kama mambo yanatulia.

Usikubali kishawishi cha kukileta kihisi karibu na nyumba ili skrini isikie. Bati na ukuta uliopigwa na jua vitakuharibia joto, na nyumba itakukinga upepo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka kipimajoto kiwe kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, na kipimamvua kiwe mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Taarifa zinazofika bila kukatika lakini za uongo zitakufanya upige dawa siku mbaya. Sogeza kipokezi, kihisi kibaki kwenye hewa yake.

Sasa lile neno Marekani. Geuza kihisi utazame lebo iliyo chini au ndani ya mlango wa betri. Utakuta namba: 433, 868 au 915, zote za megahezi. Ikiwa ni 433, uko salama, hayo ni masafa yanayotumiwa na vifaa vidogo huku kwetu, ingawa rimoti za mageti na za magari nazo zimejaa humo. Ikiwa ni 868, hilo ni toleo la Ulaya, na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeiweka Afrika kanda moja na Ulaya. Ikiwa ni 915, hapo ndipo wasemao mnara wanaweza kuwa na sehemu ya haki. Amerika imetenga megahezi 902 hadi 928 kwa vifaa vya namna hii. Kwetu, simu za mkononi kwenye mfumo wa GSM 900 hurusha kati ya 880 na 915, na minara hurusha kati ya 925 na 960. Kituo chako kinakuwa kimekaa mlangoni mwa simu. Mtu akipiga simu sebuleni, kipokezi kidogo kama hicho kinaweza kuzibwa masikio, na mnara wenye nguvu mlimani unaweza kukipunguzia usikivu mchana kutwa.

Lebo ikisema 915, ushauri wangu wa dhati ni kutotumia hela yoyote kukiboresha. Kifaa hicho hakikutengenezwa kwa ajili ya eneo letu, na masafa yale yana wenyewe waliopewa leseni. Mpe mdogo wako taarifa, akikirudisha kwa muuzaji aombe toleo la 868 au 433, au uulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kabla ya kuendelea nacho. Najua inauma, maana ni zawadi. Kubadilisha masafa kwa kuchezea bodi ya ndani si kazi ya kujaribu nyumbani, wala kuongeza nguvu za urushaji.

Kuhusu waya mrefu wa fundi simu: antena haipokei vizuri kwa sababu ya urefu tu, hupokea vizuri urefu wake unapolingana na wimbi. Antena ya kawaida ni robo ya wimbi, yaani sentimita 17 na kidogo kwa 433, na 8.6 hivi kwa 868. Ukiunga mita 3 za waya umeiharibu, na kama ni upande wa kihisi umefungua pia tundu la maji kuingia. Ukiona antena ya skrini yako ni kijiwaya kilichokunjwa ndani, fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu anaweza kukibadilisha kwa waya wa robo wimbi uliosimama wima, na mapokezi yakapanda. Dhamana ya kifaa inaisha siku hiyo, kwa hiyo liwe jambo la mwisho.

Kama baada ya betri, dirisha na migomba bado safari haipiti, kuna matumizi mawili ya hela ninayoyakubali. Baadhi ya makampuni, Ecowitt kwa mfano, huuza kipokezi kidogo kisicho na skrini, ambacho unakiweka stoo au nyumba ya pampu iliyo karibu na kihisi, nacho hupeleka taarifa kwa Wi-Fi. Hapo ndipo ushauri wa jirani yako utakuwa na maana, iwapo Wi-Fi haifiki huko. Davis wao huuza kirudishi kinachosikia kihisi na kurusha upya. Hakikisha tu kwamba unachonunua kinasikilizana na chapa na masafa ya kihisi chako, kwani havichanganyiki.

Ukitaka kuinua bomba juu zaidi ya nyumba, mwite fundi umeme aliyesajiliwa akuwekee waya wa kutuliza radi ardhini, na usipande juu ya bati lililolowa. Kelele zikitoka kwenye inveta au chaja ya sola, usiifungue mwenyewe, hata ikiwa imezimwa. Na ikiwa kihisi kilikata alfajiri hata kilipokuwa barazani na betri mpya, kipeleke kwa fundi wa elektroniki apime bodi kabla hujanunua kingine. Ukiniandikia tena, taja namba iliyo kwenye lebo, aina ya betri, wavu wa dirisha ni wa nini, na saa ambazo vistari vilianza na kuisha kwa usiku tatu mfululizo.